Mali ya Umma na Jasho la Mfanyakazi

Kila uchaguzi unapokaribia, hujitokeza majimboni mwetu mwanasiasa mwenye hoja tatu: kwamba Serikali haina uwezo wa kuongeza mishahara, kwamba watumishi wamezidi mno, na kwamba huduma yoyote ikikabidhiwa mtu binafsi itaendeshwa vema. Hoja hizo hushangiliwa. Yatupasa kuzipima kabla ya kupiga makofi.

Hatutetei uzembe. Ilipofika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma nchini Tanzania yalikuwa yamedhoofika, na mengine yalimeza fedha za walipa kodi bila kutoa huduma. Wala hatusemi kwamba kila ubinafsishaji ni hasara. Kampuni ya Bia Tanzania, iliyopata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, ilistawi. Lakini bia si maji. Asiyeridhika na bia huiacha. Asiyeridhika na maji ya bomba hana pa kwenda.

Tutazame yaliyotokea. Mwaka 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya Shirika la Ndege Tanzania. Ubia huo ulivunjika mwaka 2006. Maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10; Mei 2005 Serikali iliuvunja, ikisema kampuni haikutimiza masharti. Mwaka 2007 Reli ya Kati ilikodishwa kwa miaka 25 kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51. Mwaka 2011 Serikali ilizitwaa tena hisa hizo. Mara tatu wananchi waliahidiwa nafuu, na mara tatu mzigo ulirudi mabegani mwao.

Na mishahara je? Mshahara usiomfikisha muuguzi mwisho wa mwezi hauokoi fedha ya mtu. Sehemu iliyopunjwa huja kudaiwa dirishani kwa jina la "chai", na anayeilipa ni mgonjwa maskini. Tena kituo kilichopunguziwa watumishi hakipunguziwi wagonjwa. Foleni hurefuka tu. Anayehubiri kubana matumizi na aanze na posho zake mwenyewe, ndipo amgeukie mfagizi wa zahanati.

Tusisahau pia waliotangulia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Miaka 28 baadaye, mwaka 2005, wazee waliokuwa watumishi wake walikuwa bado wanadai mafao yao, na wengi walikufa wakiyangoja. Hapo ndipo hufika ahadi isiyoandikwa: mali hugawanywa haraka, jasho la mfanyakazi husubiri.

Kwa hiyo, viongozi wa walei na waumini wote, mwanasiasa huyo atakapofika, tumsikilize kwa heshima, kisha tumuulize waziwazi. Je, mkataba utasomwa na wananchi kabla ya kutiwa sahihi? Bei ya mali yetu imepangwa na nani? Kiinua mgongo cha watakaoondolewa kazini kitalipwa kabla ya mwekezaji kukabidhiwa funguo? Mwekezaji akishindwa, nani atalipa?

Mwenye majibu tumpime kwa majibu yake. Asiye nayo anaomba kura ili auze kisicho chake, na kura hiyo hatuna sababu ya kumpa.