Mwalimu wa Mbizi Ajuaye Kukataa

Mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyelelewa pwani na aogeleaye vizuri kuliko atembeavyo, aliponijia Kaskazi iliyopita akitaka nimlipie ada ya cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, maana kazi ya kuongoza wageni katika matumbawe ya Mnemba haipatikani bila ya kadi hiyo, nilimkubalia kwa sharti kwamba chuo tukichague pamoja. Kumbe alikwishakipata chake, kwa mkono wa papasi mmoja wa ufukweni Nungwi, nacho kiliahidi kummaliza kwa siku mbili, ilhali mafunzo hayo aghalabu huchukua siku 3 au 4.

Mwenye chuo alitupokea kwa taadhima, akatuonyesha mlangoni bango la PADI, jumuiya ya mafunzo ya mbizi, kisha akamkagua kijana mabega na kusema kuwa mtoto wa pwani hana haja ya darasa refu. Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia shaka. Mtoto wa pwani, aliyezoea kuzamia pweza, amejizoeza tangu utotoni kubana pumzi, na kwa mwenye mtungi mgongoni hilo ndilo liuwalo. Kwani kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na pumzi iliyovutwa mtungini kwenye kina cha mita 10, ikibanwa kifuani mpaka juu, hutaka nafasi mara mbili, na mapafu huweza kupasuka. Ajuaye bahari, basi, ana la kusahau kabla ya la kujifunza.

Nyuma ya nyumba niliiona kompresa yao ya kujazia mitungi ikinguruma, na bomba lake la kuvutia hewa limening'inia hatua mbili tu kutoka ekzosi ya injini yake yenyewe. Moshi ule una kaboni monoksidi, sumu isiyo rangi wala harufu, na mtungi ulioivuta humfuata mtu hadi chini, ambako hana hewa nyingine ya kuchagua. Tuliaga.

Sisemi kwamba bango ni kitu bure. PADI, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1966, na jumuiya nyingine za namna yake, zimeweka kanuni za maana: mbizi 4 za mafunzo baharini, kina kisichozidi mita 18 kwa cheti cha mwanzo, wanafunzi wasiozidi 8 kwa mwalimu mmoja. Lakini jumuiya iko mbali, na asimamaye mashuani siku ya kusi kali, wageni wamekwisha kulipa na mawimbi yanapanda, ni mwalimu peke yake. Na ikiwa hana ujasiri wa kusema leo haturuki, kanuni zote hizo zimebaki ukutani. Ndiyo sababu nashauri kila atafutaye chuo, baada ya kuuliza mtungi wa oksijeni uko wapi mashuani, aulize pia ni lini mara ya mwisho mwalimu alipomrudisha mtu pwani, na asikilize anavyojibu.

Chuo cha pili hatukuuliza hata hilo. Mwalimu, bibi wa makamo mwenye sauti ya chini, alimkabidhi kijana fomu ya afya kabla ya kutaja bei, na kijana alipofika penye pumu, akakiri kwamba aliugua utotoni, bibi akaichukua kalamu mkononi mwake polepole.

"Mwanangu, nenda kwanza kwa daktari akakuandikie. Bila ya hiyo karatasi, hela ya mjomba wako siipokei."

Njiani mpwa wangu alinuna mpaka tukashuka Darajani, akihesabu siku alizopotezewa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitenga ile ada, pembeni, kwa jina la yule bibi.