Daftari la Wiki: Uzi, Nta na Mgongo wa Juzuu

Foleni ya mafuta juzi ilipinda kona hadi mbele ya duka ninaponunua daftari hizi. Mwenye duka hana karatasi nzito hata moja. Lori la mzigo wake limekwama njiani kwa kukosa mafuta.

*

Wiki hii nimekasirika. Kijana mmoja wa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, anayekata karatasi, anayeandika khati, anayeshona na kujalidi vitabu kwa mikono yake, aliomba ufadhili wa wasanii. Fomu ikamtaka achague: mwandishi au mchoraji. Alipopiga simu, akaambiwa kujalidi ni ufundi, akatafute fedha za mafundi.

Kwa fomu hiyo Muhamadi Kijuma asingepata hata senti. Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa mnamo 1855 hivi na kufariki 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa khati, yote kwa pamoja. Alinakili tenzi kwa herufi za Kiarabu, na mkono ulioshika patasi ndio ulioshika kalamu. Ungemweka kwenye kisanduku gani? Walioagiza nakala zake ni wasomi wa kigeni: Alice Werner, William Hichens, na miaka ya 1930 Ernst Dammann. Ndiyo maana anayetaka kuziona leo hupanda ndege kwenda London au Ujerumani. Siwalaumu. Karatasi zilizobaki majumbani kwetu zina adui wawili, mchwa na unyevu, na hawa hawasubiri mtu. Ila kazi ikinunuliwa mbali, huhamia mbali, na mtoto wa fundi hukua bila kuiona. Nani leo atamwambia kijana wa Buyenzi: keti uandike, kodi ya nyumba niachie mimi kwa miezi sita?

Wenzetu wameanza. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilifungua kituo cha sanaa ya vitabu kutokana na mkusanyiko wa Jack Ginsberg, vitabu zaidi ya 3,000 vya wasanii. Pale karatasi, mshono na jalada ndiyo kazi yenyewe, na hakuna anayeuliza kama ni ufundi au sanaa.

Maonyesho niliyoalikwa hapa Bujumbura mwaka huu yote yalikuwa ya ukutani. Kitabu hakitundikwi. Kinataka meza, mwanga wa dirishani, beseni la kunawia mikono na mgeni asiye na haraka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya fremu za vioo.

*

Kibao kipya mjini: "Tunatengeneza majarida ya vitabu." Majalada, ndugu zangu! L na R, nimeshasema na nitasema tena.

*

Jumatano nilimpelekea mzee mmoja, mjalidi wa siku nyingi, juzuu ya marehemu babu. Nilidhani tatizo ni jalada, maana lilikuwa limechanika. Hakulitazama hata kidogo. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni, akaniambia, "Kitabu hufa kuanzia hapa, mwanangu." Akaukata uzi wa zamani, kurasa zikalala mezani mafungu mafungu kama nguo zilizokunjwa. Akavuta uzi mpya juu ya kipande cha nta mara tatu, akatoboa kwa sindano ya kushonea viatu, akashona fungu baada ya fungu bila kupima, na kila tundu likaangukia mahali pake. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Kati ya kurasa kulikuwa na alama ya wino ya babu, nukta nyekundu palepale alipokomea kila jioni. Mzee aliipuliza vumbi taratibu, asiifute.

Nilimuuliza ana wanafunzi wangapi. Akanyoosha kidole kimoja, kuelekea kwa kijana aliyekuwa akikoroga gundi. Ndiye yule wa fomu.

*

Mvua imenyesha usiku kucha. Mwenye vitabu sakafuni, aviinue.

*

Juzuu iko chini ya mawe mawili, inakandamizwa. Nimeambiwa nirudi Jumamosi, jua likiwaka.