Vita vya mashine za michezo: Anayeuza kwa hasara humlipisha nani?

TANGAZO lililotolewa na kampuni ya Microsoft mnamo Oktoba 2025 liliwaacha vinywa wazi mashabiki wengi wa michezo ya video. Mchezo wa Halo, ambao tangu mwaka wa 2001 ulikuwa ndio nembo ya mashine za Xbox, ungetolewa pia kwa ajili ya PlayStation 5, mashine ya hasimu wake mkuu, Sony ya Japani.

Kwa zaidi ya miaka 20, aliyetaka kuucheza mchezo huo kwenye televisheni yake sebuleni hakuwa na budi kununua Xbox. Hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya kuumiliki. Kuukabidhi kwa Sony ni kama mwenye mkahawa kumwazima jirani yule mpishi aliyekuwa akimletea wateja.

Hata hivyo, waliokuwa wakifuatilia hesabu za biashara hii hawakushtuka sana. Microsoft ilikuwa imeanza kuiachilia michezo yake kwa wapinzani tangu Februari 2024, na sababu ilionekana katika vitabu vyake. Kati ya Januari na Machi mwaka huo, mapato yake kutokana na uuzaji wa mashine za Xbox yalipungua kwa asilimia 31 yakilinganishwa na kipindi sawa na hicho mwaka uliotangulia.

Ili kuelewa jinsi kampuni tajiri kiasi hicho inavyoweza kufikishwa hapo, sharti kwanza kufahamu kioja kimoja cha biashara hii: mashine yenyewe, mara nyingi, huuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuitengeneza.

Mnamo Mei 2021, mmoja wa wakuu wa Xbox, Lori Wright, alitoa ushahidi katika mahakama moja ya California kwenye kesi baina ya kampuni za Epic Games na Apple. Alipoulizwa iwapo Microsoft imewahi kupata faida kutokana na kuuza mashine ya Xbox, alijibu kuwa haijawahi.

Mashine ni chambo. Faida hutafutwa kwingineko, hasa katika michezo. Kila mchezo unaponunuliwa kupitia duka la mtandaoni la mashine fulani, mwenye mashine hukata takriban asilimia 30 ya bei, hata kama mchezo huo ulitungwa na watu wengine kabisa. Juu ya hayo kuna ada za kila mwezi. Ni mfano wa duka linalouza koroboi kwa bei ya kutupa, likijua kwamba mnunuzi atarudi kila jioni kununua mafuta.

Mpango huo una sharti moja gumu. Koroboi lazima ziwe nyingi vijijini, tena wenye nazo wawe wananunua mafuta kwa mwenye duka na si kwingineko.

Katika mitaa ya Kenya, kwa mfano, sharti hilo la pili halikuwahi kutimia. Wenye vibanda vya michezo walinunua PlayStation 2 zilizokwisha kutumika, wakaweka diski za kunakiliwa, kisha wakawatoza vijana ada ndogo kwa kila mechi ya kandanda. Biashara hiyo iliwalisha wengi na kuwakutanisha vijana wengi zaidi, lakini Sony haikuona hata senti moja ya pesa hizo. Katika soko la namna hiyo, hasara ya mashine hubaki kuwa hasara. Si ajabu basi kwamba kampuni hizi zimeelekeza macho yao Marekani, Ulaya na Japani.

Sharti la kwanza, la wingi wa mashine, ndilo lililoiangusha Sega. Kampuni hiyo ya Japani ilizindua mashine yake ya Dreamcast nchini mwake Novemba 1998, na kuifikisha Marekani Septemba 9, 1999 kwa bei ya dola 199. Ilikuwa mashine nzuri, na hadi leo wajuzi huitaja kwa sifa.

Lakini Electronic Arts, kampuni kubwa ya michezo ya spoti, ilikataa kuitengenezea michezo. Mwezi Machi 2000, PlayStation 2 ilifika madukani Japani ikiwa na uwezo wa kuonyesha pia filamu za DVD, na wanunuzi wengi kwingineko wakaamua kuisubiri. Sega ikajikuta imeuza mashine kwa hasara bila ya kuwa na wateja wa kutosha wa kuirudisha.

Mnamo Januari 31, 2001, ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza Dreamcast mwishoni mwa Machi, baada ya kuuza takriban milioni 9. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, ambaye kwa muda alikuwa akishauri kampuni iachane na mashine, aliipa Sega mali yake binafsi yenye thamani ya takriban dola milioni 695 ili isizame. Alifariki Machi mwaka huo huo. Kabla ya mwaka kuisha, Sonic, mhusika aliyekuwa nembo ya Sega, alikuwa akikimbia ndani ya mashine ya Nintendo.

Nafasi ya Sega ilichukuliwa na Microsoft, ambayo ilileta Xbox ya kwanza Novemba 2001 kwa dola 299. Inakadiriwa kuwa mashine hiyo iliigharimu kampuni takriban dola bilioni 4 za hasara katika uhai wake mfupi. Iliuza milioni 24, ilhali PlayStation 2 ilipita milioni 160. Kwa hesabu za Sega, huo ungekuwa mwisho. Lakini Microsoft ilikuwa na Windows na Office, bidhaa zinazoiingizia fedha usiku na mchana, na kwa wakuu wake hasara hiyo ilikuwa karo ya kujifunza.

Karo hiyo haikuishia hapo. Xbox 360 iliyofuata mwaka wa 2005 ilipendwa mno, ila ilikuwa na kasoro: ilipata joto, taa nyekundu zikawaka, ikazimika. Julai 2007, kampuni ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za kugharamia urekebishaji na kuongeza muda wa dhamana hadi miaka mitatu.

Sony nayo haikusalimika. Ilipoitoa PlayStation 3 Novemba 2006, iliipakia teknolojia ghali ya chipu ya Cell, iliyobuniwa kwa ushirikiano na IBM na Toshiba, pamoja na kisomeo cha diski za Blu-ray. Wachunguzi wa kampuni ya iSuppli waliifungua na kukadiria thamani ya kila kipande. Mashine iliyouzwa dola 599, walisema, iligharimu takriban dola 840. Kila mteja aliyeondoka dukani akitabasamu aliiachia Sony pengo la zaidi ya dola 240.

Matokeo yalionekana katika mwaka wa fedha uliokamilika Machi 2007, ambapo kitengo cha michezo cha Sony kilipata hasara ya yeni bilioni 232, karibu dola bilioni 2. Fahari ya uhandisi ilikuwa imetangulia mbele ya kalamu ya mhasibu, na ilimchukua Sony miaka kujinasua.

Nintendo ilichagua njia nyingine. Kampuni hiyo ya Kyoto, iliyoanza mwaka wa 1889 kwa kutengeneza karata, kwa kawaida hukwepa kuuza mashine kwa hasara. Wii, iliyoingia sokoni mwezi ule ule wa Novemba 2006, ilitumia teknolojia ambayo wapinzani waliidharau kuwa imepitwa na wakati. Bei yake ilikuwa dola 249.99, ililipa faida tangu mwanzo, na hatimaye iliuza zaidi ya milioni 101, zikiwemo nyingi zilizonunuliwa na wazee na kina mama ambao hawakuwa wamewahi kushika kitu cha namna hiyo.

Ni kweli kwamba hata Nintendo ilijikwaa. Mwaka wa 2011 ililazimika kuipunguza bei ya mashine yake ya mkononi, 3DS, kutoka dola 249.99 hadi 169.99 miezi michache tu baada ya uzinduzi. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2012 ulikuwa wa hasara ya kiutendaji ya yeni bilioni 37.3, hasara yake ya kwanza ya mwaka mzima kwa miongo mitatu. Wii U, iliyofuata mwishoni mwa 2012, na ambayo safari hii iliuzwa chini ya gharama, haikufika hata milioni 14.

Kinachostahili kukumbukwa ni alivyofanya rais wa kampuni hiyo, Satoru Iwata. Alijikata nusu ya mshahara wake mwaka wa 2011, na akarudia tena mwaka wa 2014. Wenye hisa walipouliza mwaka wa 2013 kwa nini wafanyakazi hawapunguzwi, alieleza kwamba mtu anayehofia kufutwa hawezi kutunga mchezo wa kuwafurahisha watu. Iwata alifariki Julai 2015. Timu aliyokataa kuivunja ndiyo iliyoleta Switch Machi 2017, mashine iliyouza zaidi ya milioni 150.

Inafaa kulinganisha hayo na yaliyotokea baadaye kwa wapinzani wake. Januari 2022, Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard, wenye mchezo wa Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Kitita hicho kilikuwa zaidi ya maradufu ya bajeti nzima ya serikali ya Kenya wakati huo. Nia ilikuwa kuikuza huduma yake ya Game Pass, ambayo kwa ada ya kila mwezi humpa mteja michezo mingi bila kununua mmoja mmoja. Baada ya kupigwa vita na wadhibiti wa Marekani na Uingereza, mkataba ulikamilika Oktoba 2023.

Miezi mitatu baadaye, Januari 2024, watu 1,900 wa kitengo hicho cha michezo walipoteza kazi. Mwezi uliofuata Sony ikawafuta takriban 900 wa PlayStation, asilimia 8 ya wafanyakazi wake wa kitengo hicho duniani. Mei, Microsoft ikazifunga studio kadhaa, na Julai 2025 wengi tena wakaachishwa kazi. Hakuna taarifa iliyosema kwamba wakuu walijikata nusu ya mishahara.

Sehemu ya tatizo ni gharama ya michezo yenyewe. Siri hiyo ilifichuka kwa njia ya kuchekesha wakati wa kesi ya Activision, Juni 2023. Sony iliwasilisha mahakamani nyaraka ambazo tarakimu zake zilikuwa zimefutwa kwa kalamu ya wino mweusi, lakini zilipopigwa picha, zikasomeka. Ilibainika kwamba The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Mchezo mmoja wa namna hiyo usipopendwa, studio nzima huenda nao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Concord, ambao Sony iliuondoa sokoni majuma mawili tu baada ya kuuzindua Agosti 2024. Studio iliyoutunga ilifungwa Oktoba.

Yaani mafuta ya koroboi nayo yamekuwa ghali kuyatengeneza. Faida iliyokuwa ikiziba pengo la mashine haitoshi tena, na ndiyo maana mzigo umeanza kuhamishiwa mabega mengine.

Zamani bei ya mashine ilishuka kadiri miaka ilivyopita. PlayStation 2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka wa 2000, ikawa 199 mwaka wa 2002, na kufika 99 mwaka wa 2009. Mwenye kipato kidogo alijua kwamba akivumilia, zamu yake ingefika.

Subira hiyo sasa haivuti heri. PlayStation 5 ya diski ilianza kwa dola 499 mwaka wa 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi 549.99. Xbox Series X, iliyoanza pia kwa dola 499, ilipandishwa mara mbili katika mwaka huo wa 2025 hadi kufika 649.99. Ada ya daraja la juu la Game Pass nayo iliruka kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi.

Kampuni zinalaumu hali ya uchumi, na zina hoja. Ushuru wa Rais Donald Trump kwa bidhaa kutoka ng'ambo uliongeza gharama. Chipu hazipungui bei kwa kasi ya zamani, na vituo vya data vya akili bandia vinazigombania chipu za kumbukumbu. Lakini ushuru hauelezi ni kwa nini Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025 kwa dola 449.99, iliuza milioni 3.5 kwa siku nne huku Xbox ikitafuta wateja kwa tochi.

Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Nintendo hulipia mashine kwa bei inayomtosha muuzaji, naye hupata michezo ambayo haichezeki kwingine. Mnunuzi wa Xbox sasa anatakiwa kulipa zaidi kwa mashine ambayo michezo yake mikuu inapatikana kwa jirani. Sony, iliyokuwa imeuza PlayStation 5 zaidi ya milioni 80 kufikia mwaka huo, imebaki kuwa soko ambalo hata hasimu wake hulipelekea bidhaa na kulilipa kamisheni.

Microsoft imeshikilia kwamba haitafuata nyayo za Sega. Juni 2025 ilitangaza ushirikiano wa miaka kadhaa na kampuni ya AMD ili kuunda chipu za mashine zake zijazo. Katika tangazo hilo, haikutaja bei.