Kipupwe Nacho Kina Kiu
Nimeisoma kwa taamuli makala ya bwana aliyewanasihi wenye bustani wa Njombe waweke ndoo kando tangu Juni hadi Agosti, kwa hoja kwamba mmea katika baridi haunywi. Nami, pamoja na kumstahi, sina budi kumkanusha. Kiu ya mmea hupungua, naam, lakini haikomi, kwani mvua hukatika yapata Mei isirejee ila Novemba, na upepo mkavu huendelea kufyonza unyevu katika majani ya mparachichi mchanga. Isitoshe, udongo mkavu hauhifadhi vyema joto la mchana, hata sakitu ishukapo usiku ikaunguza zaidi. Basi tumwagilie mara chache, maji yazame hadi mizizini, asubuhi jua likishapanda. Kuinyima mimea maji kabisa ni dhuluma, wala si hekima.