Kinga ya Chuma Hulipwa na Mwenye Kuezeka

Kabla ya ukoloni, Warongo wa Uzinza, katika nchi ambayo leo ni Geita, waliyeyusha chuma wakafua majembe. Wasukuma waliyanunua kwa mifugo, na mengine yakatolewa mahari. Yalipoingia majembe ya viwanda vya Ulaya kwa bei nafuu, tanuri zile zikazimika. Hakuna aliyewakinga.

Leo wenye viwanda wanakingwa. Tangu Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeziweka baadhi ya bidhaa za chuma zitokazo nje katika kundi la ushuru wa asilimia 35. Hiyo nayo ni ruzuku, ila haitoki Hazina. Humtoka mjane wa Shinyanga anunuapo bati, na baba wa Kahama anayehesabu nondo moja moja.

Sisi hatuipingi kinga hiyo; yaliyowapata Warongo yatosha. Lakini viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu au hukunja mabati kwa malighafi ya ng'ambo, ilhali Liganga, wilayani Ludewa, kuna mashapo yanayokadiriwa kufikia tani milioni 126, na mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini mwaka 2011! Basi Serikali itaje tarehe: chuma cha Liganga kitayeyushwa lini, na mjane yule ataendelea kulipa hadi lini?