Bandari ya Lamu inatuhusu sisi wa Kimilili

Ndugu msomaji, najua utasema: mimi niko Kimilili, bahari nimeiona kwa kalenda tu, bandari ya Lamu inanihusu nini? Simama pale Kamukuywa, barabara ya kuenda Kitale, uangalie malori ya Lodwar na Sudan Kusini. Mizigo mingi hiyo ilitoka kwa meli.

Machi 2012 Rais Kibaki, akiwa na Salva Kiir na Meles Zenawi, alizindua LAPSSET huko Lamu: bandari ya magati 32, reli, bomba la mafuta, barabara hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Kwa hesabu ya meli, mahali palichaguliwa vizuri. Ghuba ya Manda ina kina na imekingwa na visiwa.

Lakini hesabu hiyo ilimsahau mvuvi. Ukichimba bahari unatibua tope, tope linafunika matumbawe, samaki wanahama. Mwenye mtumbwi ama dau dogo hawezi kuwafuata bahari kuu. Hapo umemfungia duka lake.

Wenyeji, pamoja na Save Lamu, wakaenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema hawakushirikishwa vilivyo, na haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni ilivunjwa. Ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gawanya wewe mwenyewe: ni kama 380,000 kwa mtu. Hiyo ni bodaboda mbili hivi, kwa bahari aliyoachiwa na babu yake.

Mimi sipingi bandari. Vijana wanataka kazi, na mbolea ya mahindi yetu pia inakuja kwa meli. Ninachosema ni kwamba mvuvi aitwe kabla mhandisi hajachora. Yeye ndiye anajua mikondo, na samaki wanaingia wapi mwezi gani. Ukimuuliza mapema, njia ya meli inaweza kusogezwa, ama apewe chombo cha bahari kuu na afunzwe kukitumia kabla mashine hazijafika. Ukimuuliza mwisho, kinachobaki ni fidia tu.

Na huku kwetu je? Soko, stendi, barabara, tunaitwa mkutano mchoro ukiwa umeisha. Tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. (Hata mimi nimesaini hivyo, sijifichi.) Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Tangazo lingine likibandikwa, itisha mchoro kwanza, uuone, ndio usaini.