Eti "Tungejua Ukiwa Mdogo"

Nilipoandika wiki jana kwamba nina ADHD, jamaa mmoja wa hapa Tala akanijibu: "Hiyo ni ya wazungu. Ungekuwa nayo tungejua ukiwa mdogo." Sawa bro. Mngejua aje?

Mtoto anayeruka juu ya madawati anaonekana. Lakini kuna yule anayekaa kimya kule nyuma, macho ubaoni, akili iko sokoni na wauza maembe. Huyo hasumbui mtu. Wasichana wengi huwa hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao, darasa la watu zaidi ya sitini. Ripoti fomu kila muhula: "Ana uwezo ila ni mzembe." Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini nilivila tu, vya kusahau vitabu. Unamchapa mtoto kwa kusahau, anajifunza kuogopa. Kusahau kunabaki palepale.

Nyumbani mama ndiye alikuwa kumbukumbu yangu: sare, kalamu, nauli. Kengele ya shule ikanipangia siku. Sasa ng'oa hivyo vyote, umpe mtu miaka 22, kodi ya nyumba na duka la M-Pesa la kufungia hesabu kila jioni. Hapo ndipo nilianguka. Shida haikuanza hapo, ni vile tu walionishikilia walikuwa wameniachilia.

Hata wataalamu walichelewa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani ulitaka dalili zionekane kabla ya miaka 7. Ni 2013 ndipo walisogeza hadi 12, na mtu mzima akahitaji dalili tano badala ya sita. Na wewe unataka mwalimu wangu wa darasa la tatu awe alijua?

Ndiyo, si kila anayepoteza funguo ana ADHD, na TikTok inagawa magonjwa kama peremende. Nakubali kabisa. Ndiyo maana nilipanda matatu ya Kangundo Road hadi Nairobi nikapimwe, siku nzima ya kazi ikaenda. Daktari akataka kujua nilikuwaje nikiwa mdogo. Nikampigia mama. Akacheka.

"Ulikuwa tu wewe. Kama babako."

Babangu ana miaka 58. Amefungua maduka manne hapa Tala na kuyafunga yote, na kijiji kizima humwita mvivu. Juzi ameniuliza, kwa sauti ya chini, nauli ya kwenda huko kwa daktari ni ngapi.